Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasafiri wengi wa barabara ya Mikumi kwenda Ifakara huuona Udzungwa kama ukuta wa kijani upande wa kulia, ukungu ukiwa umekaa juu yake, kisha wanapita zao. Maswali yafuatayo ndiyo huulizwa na wale waliosimama, au wanaofikiria kusimama.

Udzungwa inatofautianaje na Mikumi au Serengeti?

Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara ya gari. Gari linaishia getini, kuanzia hapo ni miguu yako. Hakuna kukaa kwenye kiti ukizungushwa kutoka kwa simba hadi kwa twiga, na twiga wenyewe hawapo. Huu ni msitu wa mvua wa milimani: giza la kijani, mizizi inayovuka njia, kelele za ndege usiyemwona. Mnyama unamsikia kwanza, kumwona ni baadaye, na mara nyingine humwoni kabisa.

Kwa hiyo mtu aliyezoea kuhesabu wanyama dirishani anaweza kuondoka Udzungwa analalamika. Ni heri aambiwe mapema. Hapa unakuja kutembea, na unachokiona ukiwa njiani ni nyongeza.

Hifadhi ina eneo la kilomita za mraba 1,990, katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Ilianzishwa mwaka 1992 na kuzinduliwa na Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, ndiyo maana kuna maporomoko madogo karibu na makao makuu yanayobeba jina lake. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia hapa. Milima hii hupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na unyevu huo ndio uliouweka msitu hai kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Msitu uliojitenga hivyo kwa muda mrefu hugeuka kisiwa: viumbe vyake hubadilika taratibu hadi vikawa havipatikani kwingine.

Jambo moja zaidi, ambalo wataalamu hulipenda kuliko watalii: hapa msitu umeungana bila kukatika kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Kilele cha juu kabisa, Luhombero, kina mita 2,576. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki misitu ya bondeni ilishafyekwa, na kilichobaki ni kofia ya miti kileleni.

Nafikaje?

Makao makuu yapo Mang'ula. Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 350: unapita Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Mikumi, na ukifika mji wa Mikumi unaacha barabara kuu ya Iringa na kushika ya Ifakara. Kutoka hapo ni kama kilomita 65. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara kilikuwa vumbi kiangazi na matope masika kwa miaka mingi. Sasa kimewekewa lami, kwa hiyo hadithi za magari kunasa ambazo wajomba bado wanazisimulia zichukulie kama historia.

Kwa usafiri wa umma, panda basi la Ifakara katika kituo cha Magufuli kule Mbezi na umwambie kondakta mapema kwamba unashukia Mang'ula. Unaweza pia kuchukua treni ya SGR hadi Morogoro, kisha ukapate basi la Ifakara stendi ya Msamvu. Ukishuka Mang'ula bodaboda zipo.

Nasikia treni ya TAZARA inapita hapo. Ni kweli?

Ni kweli, na stesheni ya Mang'ula ipo. Reli hiyo ya Tanzania na Zambia inatoka Dar es Salaam, inakatiza Hifadhi ya Nyerere, ambako abiria huona wanyama bila kulipa kiingilio, kisha inapita Kidatu na kuambaa chini ya milima. Treni za abiria si za kila siku, hivyo panga safari yako kwa kufuata ratiba ya wiki husika.

Nitaona wanyama gani?

Waanze wenyeji wa miti, maana wao ndio sifa ya Udzungwa. Mbega mwekundu wa Udzungwa ndiye rahisi kumwona, hata pembezoni mwa msitu karibu na Mang'ula. Ana nywele nyekundu kichwani kama aliyepakwa hina, na hutembea kwa makundi yenye kelele. Yuko pia mbega mweusi mwenye mabega meupe, ambaye wengi humjua kutoka kwingine, pamoja na kima na nyani wa kawaida. Usiku ni zamu ya komba na perere. Kilio cha perere kimewanyima usingizi wageni wengi hemani; anayekitoa ni mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura.

Halafu kuna ngolaga, anayejulikana vitabuni kama mangabei wa Sanje. Sayansi ilimtambua mwaka 1979, baada ya watafiti kusikia mlio wasioujua. Kwa watu waliokuwa wakiwaongoza msituni haukuwa mgeni hata kidogo. Mnyama alikuwa na jina lake siku zote. Ngolaga hupatikana Udzungwa peke yake, duniani kote. Hushuka chini kutafuta matunda na mbegu kwenye majani makavu, kwa hiyo ukisikia vishindo vya kukwaruza ardhini, simama na unyamaze.

Kuna visa viwili vya namna hiyo ambavyo ukiwa na mwongozaji mzuri atakusimulia njiani. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya Udzungwa wakila mboga ya ndege. Mmoja akaona sufuriani miguu ya ndege asiyemjua. Ndivyo alivyoingia vitabuni kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wanaonekana kuwa wa Asia kuliko wa Afrika. Kisa cha pili kilitangazwa mwaka 2009: katika msitu wa Magombera, bondeni mkabala na hifadhi, mtafiti alimshtua nyoka akiwa na windo mdomoni. Nyoka akalitema, kumbe ni kinyonga wa aina mpya kabisa. Leo anaitwa kinyonga wa Magombera.

Ongeza na sange mwenye uso wa kijivu, yule mnyama wa pua ndefu kama mkonga mdogo. Kamera zilizotegwa msituni zilimnasa mwaka 2005, akatambulishwa rasmi mwaka 2008. Ana uzito wa gramu 700 hivi, na katika ukoo wa masange hakuna anayemzidi.

Wa chini ni minde, funo, nguruwe pori, chui, nyati na tembo. Ndege ni wengi mno kuwataja. Hondohondo utamsikia hata kama hujui ndege hata mmoja, mabawa yake hupiga upepo kama mtu anayekung'uta mkeka.

Na kipunji?

Usimtegemee. Kipunji ni tumbili aliyetangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili wa Afrika tangu mwaka 1923. Wengi wao wako upande wa Mlima Rungwe na Kitulo, Nyanda za Juu Kusini. Udzungwa ina kundi dogo tu, katika msitu wa Ndundulu, mbali na njia za wageni. Anayekuahidi kipunji kwa safari ya siku moja kutoka Mang'ula anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tembo ni hatari kwa anayetembea kwa miguu?

Tembo na nyati ndio sababu njia ndefu hutembewa pamoja na askari mwenye silaha. Katika njia fupi utaona zaidi kinyesi na miti iliyokwanguliwa kuliko wanyama wenyewe. Tembo wa msituni hutembea kimya ajabu kwa mwili wake, kwa hiyo mwongozaji akiinua mkono, simama papo hapo, usimalizie hata hatua.

Hatari kubwa zaidi ya tembo ipo nje ya hifadhi, na ni kwa wakulima. Wanyama hawa wana desturi ya kushuka na kuvuka Bonde la Kilombero kuelekea Nyerere, na mapito yao yamejaa mashamba ya mpunga na miwa. Lami ilipokuja, ilijengwa njia ya kupita tembo chini ya barabara. Ukipita hapo kwa gari unaweza usitambue, maana inafanana na daraja lolote.

Nichague njia ipi?

Inategemea magoti yako.

Ukiwa na saa moja au mbili tu, nenda Maporomoko ya Prince Bernhard, karibu kabisa na makao makuu. Ni matembezi mepesi, na mbega wekundu huonekana mara kwa mara. Sonjo ni hatua inayofuata, saa mbili hivi.

Wengi huja kwa ajili ya Sanje. Maporomoko haya yana urefu wa jumla wa mita 170, yakishuka kwa ngazi tatu, na unaweza kuyaona tangu barabarani kama uzi mweupe ubavuni mwa mlima. Njia huanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita kumi kaskazini mwa Mang'ula. Tenga saa tatu hadi nne kupanda na kushuka. Kupanda ni kwa mfululizo, hakuna tambarare ya kuvutia pumzi, ila kuna mahali msitu unafunguka ghafla na Bonde la Kilombero lote liko chini yako: miwa, mpunga, reli, na moshi wa jikoni za watu. Kaa hapo. Wanaokimbilia maji huikosa sehemu bora ya safari.

Kilele cha Mwanihana ni jambo jingine kabisa. Ni kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu na usiku mbili, hema na chakula mgongoni. Njia inaanza kwenye msitu wa joto wa bondeni na kumalizikia kwenye nyasi na mianzi juu ya mita 2,000, na usiku huko ni baridi ya kweli. Njia ya Lumemo ni ndefu zaidi, kilomita 65 kwa siku tano. Usiichague kama mazoezi yako ya mwisho yalikuwa kupanda ngazi za ofisini.

Niende mwezi gani?

Juni hadi Oktoba ndiyo salama, ardhi imekauka na njia hazitelezi. Masika, Machi hadi Mei, unaruhusiwa kuja na maporomoko yamejaa vizuri, ila utatembea kwa kuteleza. Hata kiangazi beba koti la mvua: msitu wa mvua haujaitwa hivyo kwa utani.

Kiingilio nalipaje?

Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, wageni wengine kwa viwango vya dola. Viwango hupangwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo bei aliyokuambia rafiki aliyekuja miaka mitano iliyopita isahau. Fedha taslimu hazipokelewi getini. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipie kwa simu au benki. Weka salio la kutosha kabla hujafika Mang'ula, na njoo na kitambulisho cha taifa, la sivyo utabishana bure getini kuhusu uraia wako.

Lazima niwe na mwongozaji?

Ndiyo, na hata isingekuwa lazima ningekushauri umchukue. Bila yeye utaona miti mingi. Akiwepo atakuonyesha mti uliojeruhiwa na tembo juzi, kiota cha chozi, jani ambalo bibi yake alilitumia kutibu tumbo, na upupu kabla hujaushika.

Nibebe nini?

Viatu vyenye kukamata udongo, kuliko kitu kingine chochote. Nilipanda Sanje mara ya kwanza na raba mpya nyeupe, nikashuka sehemu ya njia kwa makalio mbele ya watoto wa shule waliokuwa pekupeku na hawakuteleza hata mara moja.

Suruali ndefu na soksi za kuchomekea ni kwa ajili ya kupe na siafu. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka, usikanyage, na usisimame karibu kupiga picha. Maji lita mbili kwa mtu, tochi, dawa ya mbu, na kinga ya malaria kwa mnaotoka mahali pasipo na malaria. Bonde la Kilombero linajulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, fungasha chakula kwenye vyombo.

Watoto na wazee wanaweza?

Prince Bernhard, bila shaka. Sanje, mtoto anayeweza kutembea saa tatu bila kubebwa, na mzee asiye na tatizo la magoti. Waliobaki wanaweza kuburudika Mang'ula, kwani mbega husogea wenyewe hadi ukingoni mwa msitu.

Nitalala na kula wapi?

Hifadhi ina maeneo ya kupiga kambi. Mang'ula kuna nyumba za wageni za kawaida na kambi chache zenye mabanda na mahema, na ukitaka hoteli za kifahari rudi Mikumi. Chakula ni wali, na wali wa Kilombero hauhitaji kusifiwa na mimi, pamoja na samaki wa mtoni, maharage, na miwa ya kutafuna njiani.

Watu wanaoishi kuzunguka hifadhi ni akina nani?

Jina lenyewe linatokana na Wadzungwa, tawi la Wahehe walioishi kwenye miteremko ya milima hii. Upande wa magharibi, kuelekea Kilolo na Iringa, ni nchi ya Wahehe hadi leo. Huko ukimwamkia mtu kwa "kamwene" uso wake unafunguka. Msimu wa mvua utaona mianzi imekatwa ncha na kuwekewa chombo cha kukinga utomvu: ni ulanzi unaogemwa. Wa asubuhi ni mtamu kama sharubati, wa jioni humrudisha mtu nyumbani kwa njia ndefu.

Upande wa mashariki, bondeni, kuna Wandamba walioishi kwa mto na mitumbwi, Wapogoro na Wambunga, pamoja na watu wa kila mkoa walioletwa na reli, mashamba ya miwa na mpunga. Ndiyo maana Mang'ula utasikia lafudhi tano kwenye foleni moja ya chapati.

Kutembelea vijiji kunawezekana, kwa utaratibu. Pitia kwa waongozaji wa eneo lenyewe au ofisi ya kijiji, ujulishwe kwa mwenyekiti. Wazee utawapa shikamoo kabla ya swali lolote, na kamera ibaki mfukoni hadi uombe. Milimani kuna mahali pa matambiko ambapo wenyeji waliwaomba mababu mvua na afya tangu kabla ya mipaka ya hifadhi. Mwongozaji akikuambia hapa hatupigi picha, au hapa hatupigi kelele, huo si woga wake binafsi.

Naweza kuunganisha safari na historia ya Mkwawa?

Ndiyo, ukiwa na siku mbili za ziada, ila ni kwa kuzunguka mlima hadi Iringa. Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iko karibu na mji huo. Wapiganaji wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Zelewski, akauawa. Ngome ya Kalenga iliangushwa mwaka 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi mwaka 1898, akajiua ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, na wageni huonyeshwa.

Kwa nini wanakijiji hawaruhusiwi kuokota kuni, hata zilizokauka?

Swali hili huulizwa zaidi na Watanzania kuliko wageni. Kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanavijiji wa jirani waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu na kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011. Hoja ya wahifadhi ilikuwa kwamba miguu ya watu wengi kila wiki ilikanyaga miche na kuzuia msitu wa bondeni usijirudishe, na kwamba baadhi walikata miti mibichi wakaiacha ikauke. Hoja ya akina mama ilikuwa fupi zaidi: tutapikia nini?

Majibu yamekuwa miti ya kupandwa majumbani, majiko banifu, na elimu mashuleni. Yamesaidia, ila hayakufika kila nyumba kwa wakati mmoja na katazo. Ukitembea njia za Mang'ula ukaona msitu mchanga umesimama vizuri pembezoni, kumbuka kuna mtu bondeni anayenunua mkaa kwa sababu yake. Na mtu huyo huyo anakunywa na kumwagilia mpunga kwa maji ya vijito vinavyoshuka kutoka msitu huo. Wenyeji wanajua yote mawili, na ukikaa nao muda wa chai watakuambia.

Yule chura wa Kihansi yuko hapa?

Yuko milima hii ya Udzungwa, ila si ndani ya hifadhi. Nyumba yake ni korongo la Mto Kihansi, kusini zaidi, mahali padogo palipolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Ni chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anazaa vyura wadogo badala ya kutaga. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yalipungua, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Bahati njema karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani mwishoni mwa mwaka 2000. Walizaliana, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni, ambako kumewekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Watanzania tumemtania sana chura huyu kwa gharama zake. Korongoni mtalii haingii ovyo, kwa hiyo usimweke kwenye ratiba.

Droni inaruhusiwa?

Si bila kibali cha maandishi kilichoombwa mapema. Simu na kamera za kawaida hazina shida.

Naweza kuoga kwenye maporomoko ya Sanje?

Ndiyo, kwenye vidimbwi ambavyo mwongozaji atakuonyesha, wala si pale maji yanapoangukia. Ni baridi kuliko unavyodhani kwa mahali palipo juu ya bonde lenye joto kama lile. Mawe yana utelezi wa kijani, ingia kwa kukaa. Mvua ikiwa imenyesha juu mlimani na maji yakaanza kubadilika rangi, toka hapo hapo, hata kama juu yako jua linawaka.